Taa ya Kulea Matumbawe

Kutoka Mishamo, katika Mkoa wa Katavi, hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 1000 kwa mstari ulionyooka. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 ndani ya misitu ya miombo ili kuwapokea wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na wengi wa waliokulia humo, ambao leo ni raia wa Tanzania, hawajapata kuiona bahari. Hata hivyo mwanafunzi wa biolojia wa huko hana budi kujifunza habari za matumbawe kama anavyojifunza mwenzake wa Mafia au Unguja, na mara nyingi hukutana nayo katika picha: tangi la kioo lililowekwa sebuleni, maji maangavu, na juu yake taa yenye mwanga wa ajabu, mfano wa mbalamwezi iliyotiwa nili. Maswali yanayozuka mara moja ni ya haki kabisa. Kwa nini taa ile ni ya buluu? Je, taa ya kawaida ya darasani haitoshi? Na kama shule iliyo mbali na bahari ingetaka kuwa na tangi la namna hiyo, ichague taa gani?

Maswali hayo yaonekana kuwa ya mapambo tu. Kwa kweli yamebeba ndani yake sehemu kubwa ya fizikia ya mwanga, biolojia ya usanisinuru, na hesabu ya umeme ambayo mtu akiikosea hulipa kwa fedha zake, au kwa uhai wa viumbe aliowafungia kiooni.

Mnyama mwenye bustani

Tumbawe ni mnyama. Kila kijitundu kinachoonekana juu ya jiwe la tumbawe ni nyumba ya polipu mmoja, mnyama laini mwenye mdomo uliozungukwa na minyiri, ndugu wa yavuyavu anayeelea baharini. Polipu hujenga chini yake kikombe cha chokaa, na vikombe vya vizazi vingi ndivyo vinavyofanya mwamba. Usiku hukunjua minyiri yake na kukamata vijidudu vya majini. Lakini bahari ya kitropiki yenye maji maangavu ni maskini wa chakula. Uangavu wake wenyewe ni dalili ya umaskini huo, maana maji yaliyojaa viumbe vidogo huwa ya kijani. Mnyama huyu angekufa njaa kama asingekuwa na bustani.

Bustani hiyo imo ndani ya mwili wake. Katika seli za polipu huishi mwani wa seli moja, uitwao kitaalamu zooksantela, wenye upana wa takriban mikromita 10. Sentimita moja ya mraba ya tumbawe lenye afya huweza kubeba zaidi ya seli milioni moja za mwani huo. Mwani hupokea hewa ya kaboni na taka za mnyama, hutumia mwanga kutengeneza sukari, kisha humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari hiyo. Katika maji ya kina kifupi matumbawe huweza kupata kwa njia hiyo hadi asilimia 90 ya nishati yanayohitaji.

Kwa hiyo anayechagua taa ya tangi la matumbawe hachagui taa ya kumwonyesha mnyama kwa wageni, bali huchagua chakula cha mwani usioonekana kwa macho. Na chakula hicho chaweza kuwa sumu. Mwani unaopokea mwanga mwingi kuliko uwezo wake huanza kuzalisha aina kali za oksijeni, ambazo hudhuru seli zake na za mwenyeji. Na maji yakiwa ya joto kupita kiasi, hata mwanga wa kawaida huwa mwingi mno. Ndipo mwani hupotea au hufukuzwa na polipu, na tumbawe hubaki jeupe pe. Mwaka 1998, wakati wa El Niño kali, tukio la namna hiyo lilienea katika Bahari ya Hindi ya Magharibi, na miamba ya Mafia na ya Misali, kando ya Pemba, ilikuwa miongoni mwa iliyopoteza matumbawe mengi. Ndani ya tangi madhara kama hayo huweza kuletwa na taa mpya yenye nguvu iliyowashwa kwa ukamilifu tangu siku ya kwanza. Mwenye tangi, asijue la kufanya, huanza kutafuta ugonjwa katika maji.

Maji huchagua rangi

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi. Jicho la mwanadamu huona mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hivi, ambayo ni ya zambarau, hadi nanomita 700, ambayo ni mekundu. Mwanga uingiapo majini rangi hizo hazisafiri sawa. Katika maji safi kabisa, mwanga mwekundu wa nanomita 650 hupungua hadi asilimia 71 baada ya mita moja tu, na baada ya mita 10 husalia asilimia 3. Mwanga wa buluu wa nanomita 450 ukisafiri mita 10 hizo hizo husalia asilimia 91. Ndiyo sababu mpiga mbizi aliyejikata kidole kwenye kina cha mita 20 huona damu yake kuwa ya kijani au nyeusi: mwanga mwekundu wa kuionyesha haukufika huko.

Mwani wa matumbawe umeizoea hali hiyo kwa muda mrefu sana. Una klorofili a na klorofili c, zinazonasa vizuri mwanga wa buluu, na una rangi nyingine iitwayo peridinini, inayonasa mwanga ulio kati ya buluu na kijani. Hiyo ndiyo inayoyapa matumbawe mengi rangi yao ya kahawia. Klorofili hunasa pia mwanga mwekundu, na tumbawe halitaukataa ukiletwa. Ila katika makao yake ya asili, kadiri kina kinavyozidi, mwanga huo huwa haba.

Hapa watu wengi hukosea. Husema kwamba maji ya tangi yatachuja wekundu kama bahari inavyochuja, kwa hiyo taa yoyote nyeupe yatosha. Lakini tangi la nyumbani lina kina cha sentimita 40 au 50. Katika sentimita 50 mwanga mwekundu wa nanomita 650 hupungua kwa asilimia 16 tu. Kazi ambayo baharini hufanywa na mita nyingi za maji haiwezi kufanywa na nusu mita. Katika tangi hufanywa na yule aliyechagua taa. Mwenye matumbawe yaliyotoka kwenye kina cha mita 15 akiyawekea taa yenye rangi ya jua la juu ya maji, huwa ameyapandisha ghafla mita 15 bila kuyasogeza.

Je, taa nyeupe itayaua matumbawe? La. Yako matumbawe ya maji mafupi ambayo huachwa karibu wazi wakati wa maji kupwa, nayo hupokea rangi zote za jua. Hasara ya taa nyeupe yenye umanjano ni kwamba sehemu kubwa ya umeme wake hugeuzwa kuwa rangi ambazo mwani huzitumia kwa uchache. Na liko jambo la pili ambalo halina uhusiano na chakula. Matumbawe mengi yana protini zinazopokea mwanga wa buluu na kurudisha wa kijani, wa machungwa au mwekundu. Chini ya taa ya buluu tupu hung'aa kama makaa. Wauzaji wa taa hulijua sana jambo hilo, na picha zao nyingi hupigwa chini ya mwanga wa namna hiyo. Mwanafunzi asidhani kwamba mng'aro huo ni kipimo cha afya.

Kipimo kinachodanganya

Makasha ya taa dukani hutaja wati, lumeni, na nyuzi za Kelvini. Wati hueleza umeme unaotumiwa, si mwanga unaotoka. Kelvini huonyesha kwa jumla kama mwanga waelekea umanjano au ubuluu: taa ya 6500 hufanana na mwanga wa mchana, na taa zinazouzwa kwa ajili ya matumbawe huandikwa 10,000, 14,000 hata 20,000. Ni kielelezo kinachosaidia, lakini taa mbili zenye namba moja ya Kelvini zaweza kuwa na michanganyiko tofauti kabisa ya rangi.

Udanganyifu mkubwa zaidi umo katika lumeni, na katika luksi, ambayo ni lumeni kwa kila mita ya mraba. Vipimo hivi vilitungwa kwa ajili ya jicho la mwanadamu. Jicho hilo huona kijani cha nanomita 555 kwa wepesi sana, na buluu ya nanomita 450 kwa shida. Usanisinuru haujali jicho laona nini. Wenyewe huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, moja baada ya nyingine. Sasa tuseme taa mbili zatoa idadi ileile ya fotoni juu ya eneo lilelile, moja ya kijani cha nanomita 555, nyingine ya buluu ya nanomita 450. Kipimo cha luksi kikiandika 147 kwa ile ya kijani, kitaandika 7 tu kwa ile ya buluu. Mwenye tangi akikiamini kipimo hicho, ataongeza taa ya buluu mara ishirini hadi jicho lake liridhike, na matumbawe yataungua hali yeye bado aona kiza.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wa mimea na wa bahari hutumia kipimo kingine: mikromoli za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde, zikihesabiwa fotoni zilizo kati ya nanomita 400 na 700. Mikromoli moja ni fotoni 602 zikifuatwa na sifuri 15. Jua la utosini katika nchi za tropiki, mbingu ikiwa safi, hutoa takriban mikromoli 2000. Uzoefu wa wafugaji wa matumbawe umeonyesha kwamba matumbawe laini huridhika na mikromoli 50 hadi 150, na matumbawe magumu yenye polipu ndogo na matawi huhitaji 200 hadi 400. Juu ya hapo mwani wa matumbawe mengi huwa umeshiba. Fotoni inayoongezwa haiongezi sukari, huongeza hatari.

Muda nao ni sehemu ya kipimo. Mikromoli 250 zikiwaka kwa saa 10, yaani sekunde 36,000, hufanya moli 9 za fotoni kwa kila mita ya mraba kwa siku. Aliye na taa dhaifu kidogo aweza kurefusha siku, lakini si zaidi ya saa 12, kwa kuwa viumbe hawa walizaliwa katika nchi ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Taa isiyozimwa haifai hata kama ni hafifu.

Taa zenyewe

Kwa miaka mingi wafugaji walitumia taa za halidi ya metali, ambazo hutoa mwanga mkali kutoka mahali padogo na kuchora juu ya mchanga ile michirizi ya mwanga inayochezacheza kama baharini. Uzuri wake haukanushiki. Lakini hutoa joto jingi, na katika chumba kilichoezekwa kwa bati maji ya tangi huweza kupanda hadi kiwango kile kile kilichoyaua matumbawe mwaka 1998. Taa za mirija zilifuata kwa umaarufu, nazo hueneza mwanga sawasawa bila vivuli vikali. Kasoro yake ni kwamba rangi na nguvu zake hubadilika zikichakaa, hata wafugaji wengi huzibadilisha kila mwaka zingali zikiwaka.

Leo taa za LED zimezishinda zote mbili. LED nzuri hutoa kama fotoni mikromoli 2 au zaidi kwa kila juli ya umeme, ilhali mirija hutoa karibu nusu ya kiasi hicho. Zaidi ya hayo, LED yaweza kutengenezwa itoe rangi ile tu inayotakiwa, na nguvu yake yaweza kupunguzwa kwa kitufe. Anayenunua na atazame kama taa ina LED za buluu za karibu nanomita 450 pamoja na nyeupe, kama kila kundi laweza kurekebishwa peke yake, na kama mtengenezaji ametoa vipimo vya mikromoli kwa kina mbalimbali. Taa ambayo kasha lake halitaji lolote ila wati na lumeni ni taa ya sebule.

Hesabu ya Mishamo

Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina 50. Sakafu yake ni mita ya mraba 0.24, na maji yake ni lita 120. Likihitaji wastani wa mikromoli 200 kwa mita ya mraba, basi sakafu yote yahitaji mikromoli 48 kila sekunde. LED inayotoa mikromoli 2 kwa juli ingefanya kazi hiyo kwa wati 24, kama mwanga wote ungeanguka mahali unapotakiwa. Haianguki hivyo. Sehemu hurudishwa na uso wa maji, sehemu hupita pembeni, sehemu hunaswa na uchafu wa kioo. Ni busara kukadiria kwamba nusu hupotea, na taa iwe ya wati 50. Kwa saa 10 hiyo ni wati-saa 500 kwa siku. Pampu za kuzungusha maji, ambazo haziruhusiwi kulala, zikitumia wati 10 kwa saa 24, huongeza wati-saa 240. Jumla ni 740.

Nyumba inayotegemea umeme wa jua huweza kuangazwa usiku kwa balbu nne za LED za wati 5 kwa saa nne, yaani wati-saa 80. Tangi moja, basi, hula umeme wa zaidi ya nyumba tisa. Kwa jua la saa tano kamili kwa siku, na kwa kupoteza theluthi moja hivi katika betri na nyaya, litahitaji paneli za wati 220 hivi peke yake, pamoja na betri za kuzihimili pampu katika siku za mawingu ya masika. Halidi ya metali ya wati 150 kwa saa hizo hizo 10 ingetumia wati-saa 1500 kwa taa peke yake, na hapo mjadala hufungwa. Umeme si gharama pekee. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Lita 120 zahitaji zaidi ya kilo 4 za chumvi maalumu, na sehemu ya maji hubadilishwa tena na tena. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hayavushwi mipaka bila kibali, na hakuna mwalimu apaswaye kuyang'oa mwambani kwa ajili ya darasa.

Mtu aweza kuuliza: jua la bure linatupwa kwa nini? Tangi na liwekwe dirishani. Jawabu ni kwamba jua halina kitufe. Mishamo ipo kati ya nyuzi 5 na 6 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni huelekea kaskazini, na miali yake huingia ndani kwa dirisha la upande huo. Desemba huhamia kusini. Tangi lililopata mwanga mzuri mwezi Juni laweza kukosa mwezi Desemba, au likapigwa na mikromoli nyingi kwa saa moja na kupata joto la kupindukia. Mwanga wa jua uliochujwa kwa kitambaa cheupe hufaa kusaidia taa, hasa kwa tangi lisilo na matumbawe, lakini hautegemeki peke yake.

Basi hesabu hii yawaelekeza wapi walimu wa Mishamo? Si kwenye kukata tamaa, bali kwenye maji mengine.

Bahari ya bara

Upande wa magharibi wa Mishamo liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1470, la pili duniani kwa kina. Wakazi wa Mishamo hulijua kwa dagaa na migebuka wanaofika sokoni, na wengi wamesikia habari za wavuvi wanaotoka usiku usio na mwezi wakiwa na taa za kuvutia dagaa: zamani karabai, siku hizi LED zenye betri. Uvuvi huo nao ni somo la kuchagua taa, kwa kuwa mwanga ukishindana na mbalamwezi hushindwa, na wavuvi hupumzika.

Ziwa hili liliwahi kudhaniwa kuwa ni kipande cha bahari. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alitoa habari za yavuyavu anayeishi katika maji yake baridi, jambo lililowashangaza wataalamu wa Ulaya. Mwingereza J. E. S. Moore alifika mara mbili katika miaka ya 1890, na katika kitabu chake cha mwaka 1903 akashikilia kwamba yavuyavu huyo, pamoja na konokono wanaofanana na wa baharini, ni masalio ya bahari ya kale iliyofika mpaka hapo. Alikosea, ziwa lilizaliwa na Bonde la Ufa, na konokono wake walipata sura ya kibahari humo humo. Lakini yavuyavu, aitwaye Limnocnida tanganyicae, mwenye upana wa sentimita mbili hivi, ni wa kundi moja na matumbawe kweli. Na mwaka 2012 watafiti walichapisha taarifa kwamba ndani ya yavuyavu wa ziwa hili hupatikana sianobakteria wadogo mno wanaofanya usanisinuru. Ile bustani ya ndani ya mwili, ambayo mwanafunzi wa Mishamo hufundishwa kwa picha za bahari asiyoiona, ina mfano wake katika ziwa la wilaya yake.

Yavuyavu hafugiki kwa urahisi. Samaki wa miambani hufugika. Katika mwambao wa Ikola, katika Wilaya hiyo hiyo ya Tanganyika, yuko samaki wa jenasi ya Tropheus, mweusi mwenye mshipi mpana wa manjano, ambaye wafugaji wa Ulaya humwita kwa jina la kijiji hicho. Jamaa yake Tropheus moorii alipewa jina la Moore mwaka 1898. Samaki hawa hukwangua mwani unaoota juu ya mawe, na jike huatamia mayai mdomoni. Ikiwa shule itawapata kwa kibali cha ofisi ya uvuvi, tangi lao litahitaji mawe mengi, maji magumu yenye pH karibu na 9, na hifadhi dhidi ya baridi ya usiku wa Juni na Julai. Halitahitaji chumvi ya bahari, na mahitaji yake ya mwanga ni ya kadiri.

Hapa tena swali ni lile lile: si samaki anayeangaziwa, ni mwani. Tofauti ni kwamba mwani huu huota nje, juu ya jiwe, ambako kila mtu auona, na huridhika na mikromoli 50 hivi. Kwa tangi lile lile la mita ya mraba 0.24, hiyo ni mikromoli 12 kwa sekunde; LED ya wati 6 katika hesabu kamili, wati 12 ikihesabiwa nusu inayopotea. Kwa saa 9 ni wati-saa 108. Taa yaweza kuwa nyeupe ya Kelvini 6500, ile ile ya dukani, kwa kuwa mwani wa kijani wa mawe ya maji mafupi umezoea rangi zote za jua. Hata hivyo mwalimu asikomee hapo. Mawe mawili yanayolingana yakiwekwa katika vyombo viwili vya maji ya ziwa, kimoja chini ya taa nyeupe na kingine chini ya taa hiyo hiyo iliyofunikwa kwa karatasi angavu ya buluu, baada ya majuma machache darasa litakuwa na jambo la kujadili; na mwanafunzi mwepesi atauliza kama karatasi ilibadilisha rangi tu au ilipunguza pia idadi ya fotoni. Swali hilo lazima lijibiwe kabla ya hitimisho lolote, na kwa kulijibu pahitajika kipimo.

Kipimo cha mikromoli ni cha gharama. Lakini paneli ndogo ya sola, kama ile inayotolewa katika taa ya mkononi iliyoharibika, ikiunganishwa na mita ya umeme iliyowekwa upande wa miliampea, hufanya kazi ya kuridhisha. Mkondo wa silikoni hufuata kwa ukaribu idadi ya fotoni zinazoipiga, si maoni ya jicho. Kwa jambo hilo paneli iliyookotwa ni mwaminifu kuliko kipimo cha luksi kilichonunuliwa. Ina kasoro moja ya kukumbukwa. Silikoni huhesabu pia miale isiyoonekana iliyo ng'ambo ya nyekundu, na zaidi ya nusu ya mkondo wake chini ya jua hutokana na miale hiyo. Kwa hiyo haifai kulinganisha jua na LED moja kwa moja, wala LED na balbu ya zamani ya waya. Na karatasi ya buluu huweza kupitisha miale hiyo isiyoonekana, lakini LED nyeupe haiitoi, hivyo katika jaribio la mawe kipimo kitafaa kwa makisio.

Kwa taa moja na tangi moja, paneli hiyo huonyesha mengi. Ikifungwa katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji na kushushwa kutoka usoni hadi chini, namba zake hupungua kwa kasi karibu na taa, kisha polepole, kwa kuwa kuta za kioo hurudisha ndani sehemu ya miali iliyotaka kutoroka. Ikipimwa pembeni, mara nyingi huonyesha nusu ya mwanga wa katikati au chini ya hapo. Mawe yenye mwani wa kuliwa na yawekwe katikati, na mapango ya kujificha samaki pembeni. Taa mpya iwashwe kwanza kwa nusu ya nguvu, au iinuliwe juu hadi mita isome nusu, ndipo ishushwe kidogo kidogo kwa muda wa majuma manne. Kipimo kikirudiwa kila mwezi mahali pale pale, namba zikishuka, kwanza safisha kifuniko cha kioo. Utando wa chokaa ulioachwa na matone ya maji magumu hula mwanga mwingi kuliko uzee wa LED, na huondolewa kwa kitambaa kilicholowekwa katika siki.